Kidole Gumba cha Shangazi

"Jamani, huyo mtoto nani anamfinya?"

Aliyeuliza ni jirani wa mlango wa pili, asubuhi, kwenye kamba ya kuanikia nguo, na watu wanasikia. Alikuwa ameinama kumchungulia kichanga aliyepakatwa na mama yake juani, akainua ncha ya kijishuka, akayaona mapaja. Mapaja yenyewe membamba kama kidole cha mtu mzima, na yamejaa madoa. Mengine ya zambarau, mengine yameanza kuwa ya manjano kama ndizi inayoiva. Jirani huyu watu walimwita Redio, kwa sababu habari ikimfikia yeye ujue imeshawafikia wote. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sauti yake ya kila siku, ambayo kwa mtu mwingine ni sauti ya kumwita aliye ng'ambo ya barabara.

Aliyeulizwa ni Shangazi, aliyekuwa amesimama pale na beseni la nguo za mtoto. Alilikumbatia beseni kifuani. Mikono iliyoyaleta yale madoa ilikuwa ni ya kwake.

Shangazi ni dada wa baba yake mtoto, ila mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, humwita Shangazi utadhani wote ni watoto wa kaka yake. Kazi yake ni ususi. Wazazi walitangulia mapema, wakamwachia mdogo wake wa kiume, na alipomaliza darasa la saba hakuwaza tena shule. Alikaa barazani akaanza kusuka watoto wa majirani, na kwa vidole hivyo hivyo mdogo wake akala, akavaa, akasoma, mpaka akawa fundi mwashi anayeaminika.

Misuko yake imenyooka, inabana, na inadumu. Anayeinuka kwenye kiti chake huinuka nyusi zimepanda juu kama mtu aliyeshtuliwa, na bado mwezi ujao atarudi. Kinachowarudisha ni kidole gumba chake. Kila akimaliza mstari, pale nywele zilipovutwa huweka gumba na kusugua, taratibu, mpaka maumivu yatulie. Hafikirii. Mdomo unaendelea na stori zake, macho yanatazama barabarani nani anapita na nani, na kidole kinafanya kazi yake chenyewe.

Yeye Mungu hakumjalia mtoto wa tumboni. Aliomba, alilia, na baadaye akanyamaza, lakini si kwa kununa. "Mungu anajua alichonipa," alizoea kusema. Basi wifi yake aliposhika mimba, baada ya miaka ya kusubiri, Shangazi alifurahi mpaka wateja wakamwonya apunguze kuimba, wanaumwa masikio pamoja na vichwa.

Mtoto hakusubiri wakati wake. Mama alipandwa na presha ghafla, akakimbizwa hospitali, akapasuliwa, na kikatoka kitoto ambacho baba yake, mwenye viganja vya kubebea matofali, aliogopa hata kukigusa. Walikiweka kwenye wodi ya watoto njiti, ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto. Shangazi alipofika aliambiwa avue viatu mlangoni, anawe mpaka kwenye viwiko, avae joho la kufunga kwa nyuma. Akasogea mpaka kwenye kioo, akatazama, akasema, "Eti na wewe ni mtu? Wewe ni punje." Jina likashika. Manesi nao wakamwita Punje.

Kwa kuwa Punje hakuweza kunyonya, walimpitishia mrija mwembamba kitovuni, ukapanda ndani ya mshipa hadi karibu na moyo, na huko ndiko maji na lishe vilikopitia. Mrija ule ulimweka hai, hilo Shangazi hakulisahau hata baadaye. Siku zikaenda vizuri. Kisha asubuhi moja mtoto akaanza kuhema mbio, rangi ikambadilika, na mashine ya pembeni yake ikawa inalia kila saa. Daktari wa watoto alimsikiliza kifuani, akasikiliza tena, akasema anamwita mwenzake wa moyo aje na ultrasaundi.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke mpole, mfupi. Alipakua ute wa kupimia, akaupasha kwanza kwenye kiganja chake ili usimshtue mtoto, ndipo akaweka kifuani kile kidude cha kupimia, kidogo kuliko kizibo cha chupa. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kidonda bado kibichi. Shangazi alisimama nyuma yake, kamshika mabega. Kwenye kioo cha mashine ukaonekana moyo, unafunguka na kufunga, unafunguka na kufunga.

"Tazameni hapa," daktari akasema, akionyesha kwa kalamu. "Hiki ni chumba cha juu cha kulia. Mnaona hiki kinachochezacheza?"

Walikiona. Kijidude cheupe kilichoshikilia ukutani mwa moyo, na kila moyo ukipiga kinapepea, kama kipande cha kitambaa kilichonasa kwenye msumari.

"Ni bonge la damu iliyoganda."

"Moyoni?" Mama akashtuka. "Kwa mtoto wa juzi? Hayo si magonjwa ya wazee?"

"Hata wachanga huwapata, mama. Hasa njiti waliowekewa mrija. Damu ikikuta kitu kigeni hupenda kugandia hapo. Hakuna aliyekosea. Bila mrija asingefika leo."

Shangazi akauliza swali la mtu wa kazi za mikono. "Sasa mtalitoaje?"

"Kumpasua kwa umbo hili ni hatari. Ipo dawa kali ya kuliyeyusha, ila inaweza kumfanya avuje damu kichwani. Bonge halijaziba njia, kwa hiyo twende na njia ya upole. Tutapima kichwa kwanza. Tukikuta kichwa kiko salama, tunaanza sindano za kuzuia damu isigande. Hazilivunji bonge. Zinalizuia lisikue, na mwili wake mwenyewe utalila kidogo kidogo."

"Na likikatika lenyewe?"

Daktari hakuzungusha maneno. "Likikatika linaweza kwenda kwenye mapafu, na hapo tunaweza kumpoteza. Ndiyo maana sindano hizi hazirukwi hata mara moja. Asubuhi na jioni."

Kichwa kilipimwa, kikawa salama. Sindano zikaanza. Siku chache mbele wakautoa mrija, pole pole, na Punje akaanza kuhema kama watu. Akajifunza kunyonya. Akaongezeka, akatoka kwenye kioo. Ikafika siku nesi mkuu wa wodi ile akawaita wote watatu na kuwaambia mtoto anaweza kumalizia dawa nyumbani, ilimradi apatikane wa kumchoma.

Baba alijitolea kwanza, kiume. Nesi akachomoa sindano kwenye kifuniko, ndogo tu kama unywele, na yule fundi wa kupanda maghorofa akaanza kuteleza na ukuta, taratibu, mpaka akakaa chini.

"Mwacheni hapo hapo," nesi akasema bila hata kugeuka. "Kila wiki tunapata mmoja."

Mama akajaribu. Machozi yakamziba macho, akairudisha sindano. Basi Shangazi akajisikia anasema, "Nipeni mimi," kabla hajaiuliza roho yake kama iko tayari.

Nesi alimfundisha vizuri, hilo lazima lisemwe. Nawa mikono. Vuta dawa mpaka kwenye mstari, usizidishe hata kidogo. Asubuhi paja la kulia, jioni la kushoto. Futa kwa spiriti, acha pakauke. Inua ngozi kidogo kwa vidole viwili, ingiza, sukuma pole pole, chomoa, gandamiza kwa pamba. Usisugue. Shangazi aliyaimba yote baada yake kama mtoto wa darasa la kwanza, na "usisugue" akaiimba vilevile. Wakamruhusu.

Nyumbani wakajipangia. Jua likichomoza Shangazi ananawa, anasimama mbele ya mtoto, anasema, "Ee Mungu, kazi ni yako, mkono ni wa kuazima," kisha anachoma. Jioni vivyo hivyo. Punje akilia, mama anamweka kwenye ziwa ananyamaza. Lakini madoa yakaanza kutokea. Moja, likafuatiwa na jingine. Wakasema labda ndiyo dawa yenyewe. Yakazidi. Mama akawa anamfunika mtoto hata kwenye joto. Na hapo ndipo Redio akainua ncha ya kijishuka na kuuliza lile swali lake.

Mama aliingia ndani na mtoto bila kuaga. Shangazi alipomfuata alimkuta amekaa kitandani, lile boksi la sindano kalisukumia mgongoni kwake.

"Leo hachomwi tena," mama akasema.

"Wifi."

"Nimesema hachomwi! Mtu anakuja kuniambia namfinya mwanangu, na kweli ukimtazama ni kama nimemfinya! Mapaja yote yameoza. Tumpumzishe, hata siku moja."

"Daktari alisema hazirukwi, wifi. Tukiruka, lile bonge linaweza..."

"Daktari hayuko hapa. Wewe ndiye uko hapa, na wewe moyo wako mgumu. Ungekuwa umezaa, usingeweza kumchoma hivyo na kutulia."

Shangazi alilitua beseni alilokuwa bado analing'ang'ania mkononi. Neno lile lilimwingia mahali ambapo hapana wa kumsugulia. Lakini alimtazama wifi yake, macho mekundu, nywele timtim zisizosukwa tangu kujifungua, akaona kwamba aliyekuwa anasema ni woga. Akamjibu kwa sauti ya chini, "Sawa, wifi. Simchomi mimi. Lakini saa ya jioni haijafika. Twende kwa nesi, akaone mwenyewe haya madoa. Akisema apumzike, apumzike."

Wakaenda. Njia nzima hawakusemeshana, ila mwavuli wa kumkinga mtoto jua waliushika pamoja.

Nesi aliyachungulia mapaja, akakunja uso. Akamwita daktari, na jambo la kwanza wakamtoa mtoto damu kidogo kupima kama dawa imezidi mwilini. Walisubiri majibu kwenye benchi mpaka jioni, Shangazi midomo inacheza kwa sala. Alikuwa anamwomba Mungu, kama ni yeye aliyezidisha dawa, amrudishie yeye maumivu hayo.

Majibu yakaja. Dawa iko sawasawa, wala haikuzidi wala haikupungua.

"Sasa nataka kuona kwa macho yangu," nesi akasema. "Saa ya sindano imefika. Shangazi, mchome hapa hapa, kama unavyofanya nyumbani."

Shangazi akamtazama wifi yake. Mama akasita, kisha akalifunua paja la kushoto mwenyewe. Shangazi akanawa, akasema kisala chake, akavuta dawa, akafuta, akainua ngozi, akaingiza, akasukuma, akachomoa, akaweka pamba. Nesi alikuwa anaitikia kwa kichwa, vizuri, vizuri, vizuri. Halafu akaruka.

"Shangazi! Mkono huo!"

"Nimefanya nini tena?"

"Huo mkono! Kitazame kidole chako!"

Shangazi akatazama chini. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya paja la Punje, kinasugua. Kinazunguka taratibu, kwa upendo wote, kama kilivyozunguka kwenye maelfu ya vichwa vya watu. Alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Akakiondoa kama aliyeshika jiko la moto.

"Mimi?" akasema. "Jamani, mimi sijakituma!"

Nesi alijaribu kubaki mkali akashindwa. "Nimefundisha mama wangapi hapa, sijawahi kuona kidole kinachotoroka. Sikiliza, Shangazi wangu. Damu ya huyu mtoto tumeizuia isigande upesi, ndiyo dawa yenyewe. Ukisugua palipochomwa, damu inasambaa chini ya ngozi na kuweka doa. Gandamiza tu, utulie. Hakuna kumpoza."

"Kwa hiyo nilikuwa nampoza huku namuumiza."

"Ulikuwa unampenda vibaya," nesi akamjibu. "Lakini hujaruka sindano hata moja, na hiyo ndiyo inayomweka hai. Madoa yataisha."

Ndipo mama akaanza kucheka. Alicheka huku analia, kashika kidonda chake kisimuume. "Wifi! Miaka yote unanivuta nywele mpaka naona nyota, halafu unanisugua eti nisikuchukie. Leo umehamia kwa mwanangu!" Shangazi naye akacheka, na alipoinua uso akakuta wifi yake amemnyooshea mtoto. "Mbebe wewe kurudi," mama akasema. "Na nilichokisema kule chumbani..."

"Ulisema nini? Sikusikia," Shangazi akajibu, akampokea Punje.

Walipofika mtaani, Shangazi hakupitiliza nyumbani. Alibisha kwa Redio. Akamweleza yote, moyo, bonge, mrija, sindano, mpaka kidole. Redio alisikiliza mkono uko mdomoni, machozi yakamtoka. "Mungu anisamehe ulimi wangu," akasema. "Na nilishawaambia watu wawili!" Watu wawili wa Redio ni mtaa na nusu. Lakini kwa kasi ile ile aliyoisambaza ya kwanza aliisambaza na ya pili, na kesho yake kabla jua halijazama muuza mkaa alikuwa anamwuliza Shangazi, "Vipi, bonge limefika wapi?" kama mtu anayeulizia matokeo ya mpira.

Shida ikabaki kidole, kwa maana tabia ya miaka haimsikilizi nesi. Shangazi alijaribu kukifunga kitambaa, kikasugua na kitambaa chake. Alijaribu kukishika kwa mkono mwingine, akakuta mkono mwingine una kazi ya pamba. Redio ndiye aliyetoa dawa. "Pamba aishike mama yake. Wewe ukichomoa tu, huo mkono ukalie!" Walicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi na kila jioni Shangazi alichoma, akachomoa, mama akagandamiza pamba, na yule msusi mwenye heshima zake akakaa juu ya mkono wake wa kulia kama mtoto aliyekatazwa sukari, mpaka Punje aliponyamaza. Nje Redio alisimama mlangoni akiwanyamazisha wapita njia. "Shiii! Shangazi anachoma!"

Mapaja yakasafika. Punje akanenepa, na kila akiongezeka uzito dawa nayo ikaongezwa, mstari ukapanda juu kidogo kwenye bomba la sindano. Shangazi aliupenda mstari ule. Aliushukuru kama mtu anavyoshukuru mche uliochipua.

Walirudi kupima moyo. Mara ya kwanza bonge lilikuwa limepungua, wakatoka wanaimba. Mara ya pili daktari alitazama muda mrefu, akasema limebaki vilevile, waendelee. Siku hiyo hakuna aliyeimba. Baba wa mtoto aliingia kwenye banda lake la saruji, akakaa huko bila kazi. Shangazi alisuka vichwa vya watu akiwa kimya, na wateja wake nao wakanyamaza, wakamwacha. Jioni aliingia kuchoma kama kawaida. Alisali kisala kile kile, hakuongeza neno. Alikuwa ameshamwambia Mungu yote, akaona si adabu kumpigia kelele.

Mara ya tatu walikwenda wote, baba naye. Daktari aliupasha ute kwenye kiganja kama siku ile ya kwanza, ila safari hii kifua kilikuwa kimejaa na mwenyewe anarusha mateke. Moyo ukatokea kwenye kioo, unafunguka na kufunga. Daktari akatafuta upande huu, akatafuta upande ule, akamgeuza mtoto ubavu, akatafuta tena.

"Hakuna," daktari akasema. "Pamekuwa peupe kabisa. Hata kovu silioni. Sindano zimekwisha."

Baba akashika ukuta, wakadhani anateleza tena, kumbe anapiga magoti. Mama alimfunika Punje kwa uso wake mwenyewe. Daktari akawapa mkono mmoja mmoja, na alipomfikia Shangazi akaushikilia ule mkono katika mikono yake miwili.

"Hii ni kazi yenu nyumbani," akasema. "Sisi tuliona tu. Mngeruka sindano, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

"Ni Mungu, daktari. Na nyinyi. Na huyu mama yake aliyenivumilia," Shangazi akasema. Alisimama akimtazama daktari anavyofuta ute kwenye kidude chake na kupeleka mkono kwenye swichi ya mashine.

"Una swali, Shangazi?"

"Sina swali. Nina ombi. Usizime kwanza, daktari. Naomba niutazame tena kidogo."